Gavana Alipotaka Kuniokoa

Nilikuwa sijui kama nateseka mpaka mtu wa Gavana aliponiarifu.

Ilikuwa Ijumaa baada ya magharibi, ufukweni Al Hail, mahali ambapo sisi watu wa kaunti moja tulio kazini Muscat hukutana kula chipsi na kuwasema walio nyumbani. Joto lilikuwa limeikalia bahari kama kifuniko cha sufuria. Mimi nilikuwa nacheka, kwa sababu mimi hucheka tu, ndipo akasogea bwana mmoja tuliyekuwa tukimwita Mratibu. Kazi yake ni kung'arisha magari katika duka moja la magari kule Wattaya, kazi ya halali na anaiweza. Lakini tangu Gavana wetu atangaze kwamba anarudi kuomba kipindi cha pili, bwana huyu alikuwa amejipandisha cheo akawa Mratibu wa Kampeni za Ughaibuni. Kadi alishachapisha. Na shati la mikono mirefu alikuwa amelifunga mpaka kifungo cha shingoni, katika joto ambalo hata paka wa ufukweni walikuwa wamejilaza chali.

"Dadangu, nasikia unaenda likizo."

"Mwezi ujao, Mungu akipenda. Bibi ninayemfanyia kazi ameshanikatia tiketi."

"Safi kabisa. Basi tutakuokoa."

Nikamwuliza waniokoe na nini.

"Na mateso," akasema, huku akichukua chipsi kwenye sahani yangu.

Sisi tulio huku hatumpigii kura gavana. Lakini wanasiasa wa kwetu si wajinga katika mambo yao. Wanajua kwamba binti anayetuma pesa ya unga ndiye anayepigiwa simu akaulizwa, "Mwanangu, safari hii tumpe nani?" Ukimpata mmoja wa Muscat umeipata nyumba nzima, na mashangazi juu. Na mwaka ule Gavana alikuwa na shida na nyumba hizo. Naibu wake wa zamani, ambaye sasa alikuwa mpinzani wake, alikuwa akizunguka na picha za wasichana waliorudi kutoka Uarabuni na majeraha, akiuliza kila mkutano: huyu mheshimiwa alikuwa wapi? Wasichana hao wapo kweli. Mmoja nilipanda naye ndege moja tulipokuja, na siwezi kumfanyia mzaha. Gavana naye hakuwa mahali popote, ndilo jibu, lakini jibu hilo haliandikiki kwenye bango. Kwa hivyo watu wake wakaamua kwamba kabla ya siku ya kura lazima awe ameokoa mtu.

Sasa, mtu anayeteswa kweli ana usumbufu. Anataka wakili, anataka pasipoti yake itafutwe, anataka mtu wa ubalozi aache kiyoyozi aende akagonge mlango. Mimi nilikuwa rahisi. Mimi nilikuwa na tiketi.

Mpango, alivyonieleza Mratibu, ulikuwa hivi: nirekodiwe kwenye simu nikilia, nimwombe Gavana msaada kwa jina. Video isambazwe. Nikishuka Mombasa na likizo yangu, nimkute Gavana uwanja wa ndege na maua na ngoma.

"Na kurudi kazini je?"

"Utarudi kimya kimya, baada ya uchaguzi. Nani atakuuliza?"

Nilicheka mpaka nikapaliwa. Yeye hakucheka. Alingoja nimalize, akasema, "Mama yako si ndiye yule anayeuza mahamri nje ya soko?"

Hapo nikaiweka sahani chini.

Lile soko ni hivi. Gavana alipoomba kura mara ya kwanza, aliahidi soko lenye paa, maji na choo. Akashinda. Akaja na tingatinga akalibomoa soko la zamani, akakata utepe mbele ya kifusi, akapigwa picha, akaondoka. Mama yangu alikuwa na kibanda humo ndani, cha makuti, si kizuri lakini kikavu. Tangu siku hiyo anakaa kando ya barabara na jiko lake la makaa, na karai, na sufuria ya mbaazi za nazi. Jua anasema amelizoea, ingawa miguu yake ikifika jioni imejaa kama ya mtu mwingine. Mvua ndiyo haizoeleki. Mvua ikishuka jiko linazimika, unga unakuwa uji, na siku hiyo imekwenda. Na sasa Gavana huyo alikuwa anaomba kipindi cha pili kwa mabango yaliyosema "Tumalize tulichokianza". Alichokianza kilikuwa ni kubomoa. Mimi ningekuwa jengo lolote katika kaunti ile ningeogopa.

"Vibanda vya mwanzo vitagawiwa kabla ya kura," Mratibu akaniambia. "Karibu na lango kabisa. Jina la mama naweza kulisukuma."

Mimi nilisoma mpaka kidato cha pili, karo ikakatika, lakini kuota hakulipiwi karo. Usiku ule nilikipaka kile kibanda rangi ya samawati. Nikamwekea mama kabati la kioo, mahamri yakae ndani yasiguswe na nzi, na stuli ya kuweka miguu. Asubuhi nikampigia. Kumbe afisa wa wadi alikuwa ameshamfikia.

"Ni kulia tu, mwanangu," mama akasema. "Wewe utotoni ulikuwa ukimlilia hata kuku aliyechinjwa na jirani."

"Mama, huyu Bibi hajanitesa. Nitamzulia vipi?"

"Si watamfunika uso? Afisa ameniambia watamfunika."

"Watamfunika uso, na mimi je? Mimi ndiye nitakayesema."

Nikasikia gari likipita karibu naye, na mafuta yakilia kwenye karai.

"Vuli haiko mbali," akasema.

Hakunisukuma zaidi ya hapo. Hakuhitaji.

Bibi ninayemtaja ni mwajiri wangu. Alizaliwa Unguja, akaja Oman akiwa mke mchanga, na sasa anaishi Al Khoudh, jirani na chuo kikuu, katika nyumba ya mwanawe yenye wajukuu wengi. Wajukuu anawasemesha Kiswahili, wao wanamjibu Kiarabu. Mimi ndiye ninayemjibu kwa lugha yake, na bado anasema lugha yangu imeoza. Nikisema "nimechoka sana leo" anauliza kama Kenya hakuna mtu asemaye "n'na machofu". Tunagombana juu ya tui. Tunagombana juu ya kiyoyozi, kwa kuwa analala chumba cha pili na anasema baridi yangu inapita chini ya mlango kumfuata miguuni. Akitoka harusini huniletea halwa ndani ya mkoba, imefungwa kwa tishu, na tishu imeganda kwenye halwa, haitoki. Naila na tishu yake. Hayo ndiyo mateso yangu.

Mratibu alikuja siku ya kazi, saa za adhuhuri, Bibi akiwa amekwenda kujinyoosha. Nilikuwa nimeomba ruhusa, nikasema kuna kaka wa kwetu anapita, na Bibi akasema apite lakini akae jiko la nje, mlango wazi. Jiko la nje ndilo alilolitaka Mratibu. Alitazama ukuta wenye moshi, mitungi ya gesi, ndoo, akafurahi kama mtu aliyepata nyumba ya bei rahisi. Akaniambia nivue hereni. Akaniambia nikae chini, kwenye simiti, karibu na gunia la mchele.

"Lia sasa."

Nikajaribu. Nikakunja uso, kikatoka kicheko. Tukarudia. Kicheko. Alinipa kitunguu, nikamwambia kitunguu nimekizoea, mimi nacho tuko kazini pamoja kila siku.

"Dadangu, unaharibu," Mratibu akasema. "Wenzako Riyadh wanalia vizuri, na hawajaahidiwa chochote." Kisha akashusha simu, akanitazama, na sauti yake ikawa ya upole kabisa. "Mfikirie mama. Mvua inanyesha. Amelifunika jiko kwa leso yake, yeye mwenyewe ameloa."

Sijui nani alimfundisha kazi ile. Nililia. Sikulia ya video, nililia ya kweli, nikisema "mama yangu, mama yangu masikini", na kamasi zikatoka. Gavana nilimsahau, hata jina lake sikulitaja. Mratibu, simu ameshaiinua tena, alikuwa akinionyesha kwa kidole, sema, sema, lakini mimi nilikuwa mbali, kando ya barabara, na mama.

Bibi akasikia dirishani.

Alitoka na kanzu ya kulalia, kichwa wazi, fimbo mkononi, mbio ambazo sikujua anazo. Na alichokiona ni hiki: msichana yuko chini anamlilia mama yake, na mbele yake amesimama mwanamume wa kwao, kainamisha kichwa, simu mkononi. Kwa mtu wa umri wake hakuna la kuuliza. Hivyo ndivyo habari inavyoletwa.

"Kafa lini?" akamwuliza Mratibu.

Hapo ndipo bwana yule angeweza kusema ukweli. Alikuwa na nafasi, alikuwa na ulimi, alikuwa na kadi. Akasema, "Pole, Bibi."

Bibi alitupa fimbo akakaa chini pamoja nami kwenye simiti, na magoti yake yale. Akanikumbatia. "Inna lillahi. Lia mwanangu, lia, usijizuie."

"Mama hajafa, Bibi."

"Najua mwanangu. Sote twasema hivyo mwanzo."

"Kweli, hajafa."

"Yuko kwa Mola wake, yuko hai huko. Nami n'po nawe, huna haja ya kuogopa."

Kadiri nilivyokana ndivyo alivyonibana. Kabla ya alasiri nyumba ilikuwa imejaa. Nani aliwaita sijui, pale Al Khoudh habari ya msiba haina haja ya kuitwa. Wakaja majirani na birika za kahawa, wakaja wake za wahadhiri, wakaja hata wale wa nyumba ya pili ambao Bibi hasemi nao kwa sababu ya mti wao kumwaga majani upande wetu. Nikakalishwa kwenye zulia katikati ya wanawake, nikashikishwa tende. Kila nikifungua kinywa mkono unanipapasa mgongo, "Subira, binti, subira." Mmoja akamnong'oneza mwenzake kwa Kiarabu kwamba masikini, akili imeruka kidogo, hajaamini.

Na upande wa wanaume, kwenye majlisi, mwana wa Bibi alikuwa amemkamata Mratibu kwa heshima zote kama ndugu wa marehemu. Nilimwona mlango ulipofunguliwa. Amekaa pahala pa juu, shati limemganda mwilini, wazee wa mtaa wanapita mmoja mmoja kumshika mkono na kumwombea subira, naye anajibu, "Amina. Ahsanteni. Amina." Simu ameificha pajani, kidole gumba kinafanya kazi. Nikadhani anaomba gari lije limtoe. Kumbe alikuwa anaituma video.

Simu yangu ikalia. Mkaza mwana wa Bibi ndiye aliyekuwa ameishika, akaitazama, akaitazama tena. Imeandikwa Mama, na picha ya mama. Akaipokea kwa kuwa hakujua afanye nini kingine. Na mama yangu akatokea kwenye kioo, leso kichwani, anatafuna.

"Umeshalia?" akauliza.

Bibi akaichukua simu, akaisogeza karibu na macho.

"Wewe nani?"

"Shikamoo Bibi. Mimi ni mama yake huyo msichana."

"Marhaba. Hujafa?"

Mama akafikiri kidogo. "Mpaka sasa bado."

Wanawake wengine wakaanza kucheka ndani ya mitandio yao. Mimi nikasema yote pale pale, kibanda, afisa wa wadi, kuokolewa, kitunguu. Nilitaka Bibi acheke pia, kwa sababu likichekwa jambo limekwisha. Hakucheka. Aliniuliza kwa sauti ndogo, ile ya kuulizana chumbani, "Nimekutesa, mwanangu?"

Nikasema hapana. Akaitikia kwa kichwa. Halafu akairudia simu, akamwambia mama, "Sisi hapa mkubwa wa mkoa huletwa kwa amri, hatumjui mpaka aje. Nyie mwamchagua wenyewe, kisha mwamlilia. Huo ndio uchaguzi?"

"Ndio huo, Bibi," mama akasema. Kisha akasema, "Nisamehe. Nilitaka paa."

"Nnakuelewa. Lakini hukuniuliza mimi kama nataka kuwa mchawi wako."

Tulipokwenda kumtafuta Mratibu majlisi, alikuwa ameondoka. Kahawa alikunywa.

Video ilitoka siku ile ile. Walikuwa wameikata kwa ustadi. Mimi chini namlilia mama yangu, kisha Bibi anatokea mlangoni na fimbo, anakuja kwa kasi, na hapo hapo inakatika. Hakufunikwa uso wala nini. Chini yake maandishi: Gavana asikia kilio, aingilia kati. Binamu za Bibi Unguja wakampigia simu kumtania, "Siku hizi wapiga watu?" Aliwajibu kwa mzaha, lakini siku kadhaa hakutoka kunywa kahawa barazani na wenzake, akisema magoti. Nikamkanda magoti. Hakuna aliyetaja kitu.

Likizo yangu nikaiahirisha mpaka uchaguzi upite, nisije nikaokolewa kwa nguvu.

Mkutano mkubwa wa mwisho wa Gavana ulifanyika barabarani nje ya soko lile lisilokuwepo, na ukarushwa moja kwa moja kwenye simu. Nilitazama chumbani kwa Bibi, yeye kitandani, mimi sakafuni. Gavana alivaa kofia ya kienyeji aliyoivaa vibaya. Akasema mkono wake ni mrefu, unafika hata ng'ambo ya bahari. Akasema yuko hapa mama wa binti aliyeokolewa. Na mama yangu akapandishwa jukwaani, amevalishwa fulana yenye uso wa Gavana juu ya dera lake, na yule afisa wa wadi amemshika kiwiko.

Sikuwa nimemwambia la kusema. Nilijua vuli iko karibu, na nilijua kwamba akisema ahsante tu, neno moja, watamwandikia kibanda.

"Mama, waambie wananchi," Gavana akasema, akampa kipaza sauti.

Mama alikishika kama mwiko. "Hamjambo. Mimi muuza mahamri, mnanijua. Mtoto wangu mzima, amenenepa, ana mashavu hivi. Yule bibi mliyemwona kwenye simu alikuwa anakimbia kumkumbatia, alidhani mimi nimekufa. Mtoto alilia kwa sababu niliambiwa akilia nitapata kibanda. Basi, ameshalia. Kibanda kiko wapi?"

Kicheko kikaanzia nyuma, kwa vijana wa bodaboda, kikaja mbele kama maji. Gavana naye akacheka, meno yote, akakitwaa kipaza sauti. "Furaha imemzidi mama yetu," akasema, na mziki ukafunguliwa mpaka mwisho. Tulimwona mama akishushwa, anaivua fulana njiani.

"Ana ulimi huyo," Bibi akasema. "Wamempa kibanda sasa?"

"Hawampi, Bibi."

Gavana alishinda. Kule kucheka kote hakukuwa kura. Mratibu alichapisha kadi mpya.

Nilikwenda nyumbani wakati wa vuli, uwanja wa ndege hapakuwa na maua. Asubuhi nikafuatana na mama kando ya barabara, yeye anakanda, mimi nawasha makaa. Nilitaka kujua waliolia, na waliosema ahsante, na waliocheza ngoma na fulana zao, wamepewa vibanda vya wapi. Walikuwa hapo hapo, mstari mmoja nasi, na mabeseni yao. Vibanda havikuwa vimejengwa hata kimoja. Hakuna aliyenyimwa, kwa kuwa hakuna kilichokuwepo.

Gari la kaunti likasimama. Afisa wa wadi akashuka na wenzake wawili, wamekuja kunywa chai kama kila siku, mama aliniambia. Walikula wamesimama. Afisa alimwita "mama yangu" na kumweleza kwamba kipindi cha pili ndicho cha kazi yenyewe, asiwe na haraka. Mama alimwongezea mbaazi. Mimi nisingemwongezea hata maji ya kunawa.

Mvua ikaanza bila onyo. Maafisa wakakimbilia garini, wakapandisha vioo. Mama akalivuta jiko kati ya miguu yake, mimi nikaligeuza beseni juu ya karai na kuinamia makaa, maji yakinishuka mgongoni. Tulikuwa hivyo, vichwa vimegusana, tukipuliza. Kioo cha gari kikashuka kidogo, upana wa vidole, na sauti ya afisa ikatoka humo kavu kabisa.

"Mama, yale mahamri ya mwisho yalikuwa yameiva?"